Nyufa za Vyungu vya Mbwera

Mtu wa kwanza kule Mbwera kuweka chungu changu cha kuchujia maji nyumbani kwake alikuwa mama mdogo, mdogo wake marehemu mama, ambaye ndiye aliyenilea. Alikiweka ukumbini, mahali ambapo kila anayeingia atakiona kabla hajaketi, akawaambia majirani kimetengenezwa na mwanawe mwenye digrii ya udongo. Walicheka, wakidhani anatania. Hakuwa mbali na ukweli. Nilisomea uhandisi wa vifaa, na katika vifaa vyote nilichagua kauri, yaani kila kinachotokana na udongo na moto: vigae, vikombe, masinki, matofali ya tanuru. Na ndani ya kauri nilichagua kasoro. Nilitaka kujua tundu linatokea wapi, ufa unaanzia wapi, na kinatokea nini pale ambapo chembe ya kitu kimoja inagusana na chembe ya kitu kingine, kwa sababu mara nyingi hapo ndipo vitu huanza kuachana.

Nilikuwa mtafiti katika taasisi moja ya serikali Dar es Salaam. Miaka hiyo milango ya biashara ilikuwa imeshafunguliwa. Kibiti, nilikosomea, na ambako zamani tulipanga foleni ya sabuni, maduka yalijaa ndoo za plastiki za kila rangi, redio, vitenge vya nje na sufuria nyepesi zilizobonyea kwa kidole. Wakati huohuo mashirika ya umma yalikuwa yakiuzwa moja baada ya jingine, na kila Jumatatu ofisini kwetu kulikuwa na uvumi mpya wa nani atapunguzwa. Kiwanda cha vigae tulichokuwa tukikifanyia kazi kilikwishafungwa. Mkuu wetu wa idara, mtu mzima mpole aliyekuwa na watoto wengi shuleni, alihangaika kututafutia kazi nyingine, akapata wafadhili wa nje waliotaka vyungu vya kuchujia maji kwa vijiji visivyo na bomba. Aliponiuliza tuanzie wapi, nilisema Mbwera, kwetu, kwenye delta ya Rufiji. Sikuhitaji kufikiri. Kule watu wanakunywa maji ya mto, na mama yangu alikufa kwa kipindupindu kabla sijaanza shule.

Kazi yenyewe ilikuwa rahisi kuieleza. Tulichukua udongo wa bonde la Rufiji, tukauchanganya na pumba za mpunga zilizosagwa, na akina mama wafinyanzi wa Mtunda wakautengeneza vyungu chini ya banda tulilojenga Kibiti. Chungu kikichomwa, pumba zinaungua na kuacha vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho. Maji yanapita humo, uchafu na vijidudu vinabaki. Chungu kinakaa ndani ya ndoo ya plastiki yenye bomba chini, na maji yanayotoka ni meupe. Tulivipima vilipotoka tanuruni, tukaridhika, tukavipakia kwenye boti pamoja na nyasi za kuzuia visigongane. Kisha tukasimama mbele ya watu wa Mbwera na kuwaambia kuwa maji ya chungu hiki hayana haja ya kuchemshwa. Maneno hayo niliyasema mimi mwenyewe, kwa sauti, na watu walifurahi kwa sababu kuni kule hupatikana kwa taabu.

Nyufa nilianza kuziona miezi kadhaa baadaye.

Kila tulipochoma vyungu nilikuwa nikitunza vipande vya majaribio. Vingine niliviweka kabatini, vikavu. Vingine nilivitumbukiza kwenye beseni la maji na kuviacha humo, kwa sababu chungu cha kuchujia kinaishi ndani ya maji na nilitaka kujua maji yanakifanya nini. Siku moja asubuhi nilitoa kipande kutoka kwenye beseni, nikakiweka kwenye mashine ya kuvunjia, kikavunjika kabla sijaanza kukaza mkono. Nikadhani nimekiweka vibaya. Nikachukua kingine, nacho kikawa vilevile. Vile vya kabatini vilikuwa vigumu kama siku ya kwanza.

Nilikata kipande, nikakisugua mpaka kikang'aa, nikakitazama kwa hadubini. Kila chembe kubwa ya mchanga ilikuwa imezungukwa na mstari mwembamba mweusi. Nilielewa mara moja, na kuelewa huko hakukunipa furaha yoyote. Udongo wa mtoni huwa na mchanga. Tanuru linapopoa na kufikia joto fulani, chembe ya mchanga husinyaa ghafla, na udongo unaoizunguka, ambao umekwisha kuwa mgumu, haufuati. Hapo vinaachana, na ufa mdogo unabaki kati yao. Katika chungu kikavu ufa huo unaweza kukaa maisha yote bila kumdhuru mtu. Lakini maji huingia mpaka kwenye ncha yake na kuusogeza polepole, wiki hata wiki, mpaka ufa wa chembe hii unakutana na ufa wa chembe ile. Mwisho unakuwa njia inayotoka ndani hadi nje. Mtu aliye nyumbani haoni kitu. Chungu ni kilekile, maji ni meupe vilevile, utamu wake ni uleule.

Nilikaa na hadubini ile hata chakula cha mchana sikwenda kula. Nilikuwa nikihesabu majina ya nyumba kichwani. Mvua za masika zilikuwa zinakaribia, na kule delta maradhi ya tumbo huja na mvua.

Nilimwita mkuu wa idara aje ajionee. Aliinama, akatazama kwa muda mrefu, akarekebisha kioo, akatazama tena. Hakubisha. Alijua kauri kuliko mimi. Aliponyanyuka aliniambia tukakae ofisini kwake, akafunga mlango.

"Wageni wetu, wale wafadhili, wanakuja mwezi ujao," alisema. "Wakisikia vyungu vina nyufa wataondoka, na idara hii itafungwa. Vuta subira, binti yangu. Wakishaondoka tutakwenda wote kuvikusanya."

"Na mvua zikianza kabla yao, mzee?"

Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati. Aliniuliza kama nina ushahidi kuwa hata chungu kimoja kimepasuka kule kijijini. Sikuwa nao. Nilikuwa na vipande kwenye beseni, basi. Kipande cha maabara si chungu, na huenda vyungu vya Mbwera vilikuwa vizima vyote. Hilo ndilo lililonisumbua zaidi. Kama ningekuwa na hakika ya ubaya ningejua la kufanya. Nilikuwa na wasiwasi tu, na wasiwasi si kitu cha kumwonyesha mtu.

Usingizi ulinipotea. Nikifumba macho nilimwona mama mdogo anafungua bomba la ndoo na kukinga glasi. Mwishoni niliomba likizo yangu ya mwaka. Mkuu alijua niendako. Alisaini bila kuinua uso, na nilipofika mlangoni aliniambia nichukue mpira mnene wa kuzibia pampu uliokuwa stoo, huenda ungenifaa. Sikumwelewa siku ile kama ananisaidia au ananiaga.

Kutoka Kibiti nilipanda gari la mizigo mpaka Nyamisati, na pale nikangoja boti ya kwenda Mbwera. Kulikuwa na mfanyabiashara mmoja aliyebeba maboksi ya biskuti na mabeseni ya plastiki. Alinitambua. Aliniambia mke wake anamsumbua kila siku anataka chungu kama vya jirani zake, maana tangu wavipate hawaendi tena kutafuta kuni za kuchemshia maji ya kunywa. Aliuliza vitakuja vingine lini. Nilimjibu kuwa bado tunavichunguza, nikageuza uso upande wa mikoko. Njia nzima alikuwa akinieleza jinsi ya kuviuza na bei anayodhani watu wataimudu, nami nikiitikia kwa kichwa.

Mama mdogo alikuwa akianika mpunga uani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekonda hivyo?"

Hakungoja jibu. Aliingia ukumbini akarudi na glasi ya maji, ile glasi yenye maua anayowapa wageni, maji kutoka kwenye chungu. Niliishika. Ilikuwa baridi, na maji yalikuwa safi kiasi kwamba niliona vidole vyangu upande wa pili. Nilikuwa na kiu ya safari nzima. Nikaiweka chini.

Nilimwambia taratibu kadiri nilivyoweza. Nilimwambia kuwa huenda ndani ya chungu kuna nyufa ndogo, kwamba sina hakika, kwamba nimekuja kuvipima vyote, na kwamba hadi hapo maji yachemshwe. Kwanza alidhani ni mzaha. Kisha akauliza kama ni sumu. Nikasema si sumu, ni kwamba vijidudu vinaweza kupita. Alichukua ile glasi, akaitazama kama nilivyoitazama mimi.

"Unajua nimewaambia watu wangapi kuwa maji haya hayachemshwi?" alisema.

Yeye alikuwa amerudia tu maneno niliyoyasema mimi.

Kesho yake asubuhi tuliazima pipa, tukalijaza maji na kuliweka uani. Jinsi ya kupima nilikuwa nimeifikiri njiani. Chungu kilicholowa vizuri, ukikigeuza mdomo chini na kukisukuma ndani ya maji, hewa inabanwa ndani yake. Vile vitundu vya pumba ni vidogo sana, maji yamevijaza, hewa haipiti. Kama kuna ufa, hewa itatokea hapo na utaona vipovu vinapanda. Ule mpira wa stoo niliuzungushia mdomo wa chungu, ukanisaidia kukishika kisiteleze. Mama mdogo alipita nyumba kwa nyumba mwenyewe kuwaita wenziwe. Nilimwambia nitakwenda mimi, akakataa.

Walikuja wakiwa wamebeba vyungu kwa mikono miwili, kama mtu abebavyo mtoto mchanga. Cha kwanza kilizama, nikakikandamiza, macho yangu yakazunguka kila upande. Hakuna kitu. Nilianza kupata matumaini ya kipumbavu. Cha pili nacho kilikuwa kizima. Cha tatu, karibu na kitako, kilitoa kipovu kimoja, kikangoja, kikatoa kingine, halafu vikawa mlolongo usiokatika. Mwenye chungu aliinama kutazama, akasema kwa upole kabisa kuwa chungu chake kinapumua. Nilimweleza maana yake. Alijifunga kanga upya, akakaa chini kwenye mkeka.

Tuliendelea hivyo. Kila kimoja nilichokizamisha nilihisi mapigo ya moyo mikononi, ndani ya maji. Vilivyo vizima nilivifunga kitambaa cheupe, vyenye ufa nikavipanga kando ya ukuta, na ule mstari wa ukutani ukazidi kurefuka. Mama mmoja, aliyekuwa amesimama kando muda wote, alinyanyua chungu chake kabla zamu yake haijafika.

"Mlituletea hatujaomba," alisema. "Na sasa mnatunyang'anya hatujaomba. Mimi changu sikitoi."

Akaondoka nacho. Mama mdogo alitaka kumfuata, nikamzuia. Mwanamke yule alikuwa na haki ya kukasirika.

Chungu cha mama mdogo cha ukumbini kilipimwa mwisho, kwa kutaka kwake mwenyewe. Vipovu vilitoka pale kitako kinapojikunja kupanda juu, vingi, kwa fujo. Mama mdogo alivitazama mpaka vikaisha. Kisha akachukua jembe lake akasema ndege wanamaliza mpunga, akaenda kwenye dungu lake, kile kibanda cha juu ya miti ambamo watu wa kwetu hukaa kulinda mashamba.

Ilikuwa alasiri jirani wa shamba alipokuja kuniambia mama mdogo anatapika na tumbo linamwendesha, na hawezi kushuka kwenye ngazi.

Tulimrudisha nyumbani wakimbeba watu wawili. Alikuwa mwepesi ajabu. Macho yalikuwa yameingia ndani, na nilipobana ngozi ya mkono wake kwa vidole ilibaki imesimama. Hilo nililikumbuka bila kujua nililikumbukaje, kwa sababu nilikuwa mdogo sana mama alipoumwa, na sikudhani nina kumbukumbu yoyote ya mikono yake. Zahanati ilikuwa ng'ambo, na maji yalikuwa yamekupwa. Boti ililala kwenye tope kiubavu. Nahodha alikuja, akatazama mkondo, akasema kwa huruma kuwa hakuna njia, hadi maji yajae.

Tukangoja. Nilitaka kuchemsha maji nimchanganyie chumvi na sukari, lakini kuni zilizobaki jikoni zilikuwa mbichi na moto ulizimika kila nilipouwasha. Yule mwanamke aliyekataa kutoa chungu aliingia na mzigo wa kuni kichwani. Alipiga magoti, akawasha, akateleka sufuria, na maji yalipochemka na kupoa akamnyanyua mama mdogo kichwa na kumnywesha kijiko kwa kijiko, akimwita dada, dada, kunywa. Kila mara aliyatapika, naye alianza upya. Mimi nilikuwa nikitoka kwenda kutazama mkondo na kurudi. Tope lilikuwa tope. Nilijiambia, laiti ningekuja wiki moja mapema, laiti ningeviweka vile vipande kwenye maji tangu mwanzo kabla hatujapakia hata chungu kimoja. Mawazo ya namna hiyo hayana mwisho, na niliyafikiri yote.

Maji yalipoanza kuinua boti tuliingia hadi kiunoni kumpakia. Jua lilikuwa limekwishazama nyuma ya mikoko tulipofika zahanati. Muuguzi, mwanamke wa makamo mwenye sauti kavu, alimlaza, akaanza kutafuta mshipa wa kuwekea dripu. Mshipa ulimkwepa mara kadhaa. Huku akiutafuta aliniuliza mgonjwa amekunywa maji gani.

Nilimweleza yote: chungu, nyufa, vipovu, hata kwamba ni mimi niliyesema yasichemshwe. Alisikiliza bila kuacha kazi. Mshipa ulipopatikana na dripu ikaanza kudondoka, ndipo akanigeukia.

"Nimewapokea wengine wenye hali kama hii wiki hii," alisema, "na wanatoka upande ambao vyungu vyako havijafika. Watu wakiwa mashambani wanakunywa ya mtoni. Sasa mimi sijui maradhi haya mama yako kayapata wapi, na wewe hujui. Kaa hapo umshike mkono."

Nilikaa. Asubuhi mama mdogo aliomba uji, akalalamika kuwa hauna chumvi, nami nikatoka nje ya zahanati nikalia nikiwa nimeegemea ukuta. Baadaye, alipopata nguvu, nilimwuliza kule dunguni alikuwa akinywa nini. Alisema siku nyingine hubeba maji ya chungu kwenye dumu, siku nyingine husahau dumu na kuteka penye mfereji. Siku zile alifanya yote mawili. Basi hadi leo sijui.

Kijijini nilikaa mpaka likizo ikaisha, nikienda nyumba kwa nyumba kuwaambia wachemshe. Vyungu vyenye ufa vilikuwa karibu nusu ya vyote. Nilivipakia vichache nikarudi navyo Dar es Salaam, nikamwekea mkuu kimoja mezani. Nilimsimulia mambo ya pipa, na mambo ya mama mdogo. Nilijiandaa kwa ugomvi. Yeye alikipapasa kile chungu kitako, akauliza kama mgonjwa amepona. Kisha akaniambia nifunge mlango nikitoka. Wiki ile ile aliwapigia simu wale wageni akawaeleza mwenyewe, kabla hawajapanda ndege.

Walikuja hata hivyo. Walitazama, wakasikitika, wakaondoka, na hawakurudi. Idara ilifungwa mwaka uliofuata, ingawa kwa kweli ilikuwa kwenye mpango wa kufungwa hata kabla ya vyungu, kama idara nyingine nyingi. Nilikuwa miongoni mwa waliopunguzwa, na mkuu pia. Nilimwona mara ya mwisho akiuza vifaa vya umeme kwenye duka la shemeji yake. Alifurahi kuniona, na tulizungumza juu ya mchanga.

Chuo kikuu kilinipa nafasi ya kufundisha, na mshahara ulikuwa mdogo lakini kulikuwa na tanuru. Nilirudia kazi ile tangu mwanzo. Nilichekecha udongo kwa wavu mwembamba ili zile chembe kubwa zisiingie, nikaacha tanuru lipoe lenyewe taratibu bila kulifungua mapema, na vipande vikakaa ndani ya maji muda mrefu kuliko uvumilivu wangu. Mistari ile myeusi ilipungua. Haikuisha. Hakuna kauri isiyo na kasoro, na kazi yangu ilikuwa kujua ni kasoro ipi italala na ipi itatembea.

Nilirudi Mbwera na vyungu vichache, kila kimoja kimezamishwa na kungojewa. Mwanamke yule wa kuni alipokea kimoja. Kile cha zamani hakunipa nikipime hata nilipomwomba. Alikuwa amehifadhi humo mbegu za mpunga. Mama mdogo naye alisaidia kukishusha chake kwenye boti, akakipeleka ukumbini, akakizungusha kutafuta upande mzuri wa kutazamwa.

"Nitakitumia," alisema. "Ila na kuchemsha nitachemsha."

Nilimwambia afanye hivyo hivyo. Alinitazama, nadhani alitegemea nitabishana naye, kisha akaenda jikoni kutafuta kuni.